Navitimer kwa binti rubani: saa ya kazi au jina tu?

Swali: Fundi, asalaam aleikum. Naishi Maskati. Binti yangu amemaliza mafunzo ya urubani na sasa yuko Arusha, anarusha ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti. Nataka kumpa saa moja ya maana atakayokaa nayo. Duka la hapa wananionyesha Breitling Navitimer, wanasema ndiyo saa ya marubani duniani, na bei yake inapita riali 3,500. Kaka yake anasema hizo ni pesa za kutupa, bora niongeze nichukue Rolex. Tena kuna mtu anauza Navitimer iliyokwisha kutumika kwa karibu nusu ya bei hiyo. Niambie bila kunificha, uzuri wake ni upi na ubaya wake ni upi?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera sana kwa binti. Nianze na jibu, maelezo yafuate. Navitimer ni saa nzuri, na ndani yake, ukichagua toleo lililo sawa, mna mashine ya kuheshimika. Lakini si kifaa cha kazi kwa rubani wa leo, sembuse rubani wa vumbi na jasho la Serengeti. Ukiinunua, inunue kama kumbukumbu ya taaluma yake. Ukitaka saa ambayo haitamtoka mkononi, Breitling haohao wana nyingine zinazofaa zaidi, na kuna kampuni ya pili inayouza mashine ya ukoo uleule kwa bei ya chini.

Muuzaji hakukudanganya aliposema ni saa ya marubani. Amekupa tu habari za mwaka 1952.

Kampuni ilianzishwa na Léon Breitling mwaka 1884 huko Saint-Imier, milima ya Jura nchini Uswisi, na mwaka 1892 ikahamia La Chaux-de-Fonds. Kazi yao tangu awali ilikuwa kronografu, yaani saa inayoonyesha majira na papo hapo ina akrabu ya pembeni unayoweza kuianzisha, kuisimamisha na kuirudisha sifuri. Zamani mambo yote matatu yalifanywa na kitufe kimoja, tena mara nyingi kilikuwa juu ya kifundo cha kutilia ufunguo. Ukishasimamisha, huna la kufanya ila kurudi sifuri. Mwaka 1915 Gaston, mtoto wa Léon, alikitoa kitufe hicho kwenye kifundo akakiweka peke yake usawa wa namba 2. Mwaka 1934 Willy, mjukuu, akaongeza cha pili usawa wa namba 4. Cha juu kinaanzisha na kusimamisha, cha chini kinarudisha sifuri. Kwa mpangilio huo unaweza kupima kipande cha safari, ukasimama, kisha ukaendelea ulipoishia. Karibu kila kronografu unayoiona leo, ya kampuni yoyote, ina vitufe viwili vya namna hiyo. Huo ndio mchango wao ninaouheshimu kuliko matangazo yote.

Mwaka 1952 Willy alitengeneza Navitimer kwa ajili ya chama cha wamiliki wa ndege na marubani cha Marekani, AOPA. Kilichoitofautisha ni ule ukingo wenye namba nyingi kama mchwa. Ni rula ya kukokotolea iliyokunjwa duara, ndugu wa kile kikokotoo cha mviringo ambacho binti yako alilazimika kukijua chuoni. Tuseme ndege yake inakwenda maili za baharini 120 kwa saa, naye anataka kujua dakika 25 zitamfikisha wapi. Anazungusha ukingo wa nje mpaka namba 12, inayosomwa kama 120, ikae mkabala na 60 ya duara la ndani. Kisha, bila kuugusa tena, anaitafuta 25 kwenye duara la ndani na kutazama namba iliyo mkabala nayo nje: 50. Maili hamsini. Hesabu za mafuta ni hivyohivyo. Kuna hata alama za kugeuza vipimo: maili ya baharini iko penye 33, maili ya nchi kavu penye 38, kilomita penye 61, kwa kuwa maili 33 za baharini ni sawa na maili 38 za nchi kavu, au kilomita 61.

Ni akili ya kupendeza, na sijapata kuchoka kuionyesha kwa wateja. Sasa mwambie mtu aifanye ndani ya ndege inayotikisika, jua linampiga usoni, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani, kwa namba ambazo mimi huzisoma nikiwa na lenzi jichoni. Tena rula haikuambii nukta iko wapi. Jibu laweza kuwa 5, 50 au 500, juu yako kujua. Miaka ya hamsini hapakuwa na njia nyepesi zaidi. Leo ndege yake ina GPS, ana kompyuta kibao, na saa ya ukutani mwa dashibodi inapima muda bila shida. Sijui rubani anayeitegemea rula ya mkononi kwa hesabu ya kweli. Anayeivaa huivaa kwa kuipenda, na hilo nalo ni sababu halali.

Historia yenyewe haina ubishi. Tarehe 24 Mei 1962 mwanaanga wa Marekani, Scott Carpenter, aliizunguka dunia mara tatu ndani ya chombo cha Aurora 7 akiwa amevaa Navitimer yenye uso wa saa 24, iitwayo Cosmonaute, kwa sababu kule juu jua huchomoza na kuzama mara kwa mara na mtu hushindwa kujua kama ni mchana au usiku. Aliporudi akatua baharini, maji ya chumvi yakaiua saa. Likumbuke hilo, maana nitalirudia. Mwaka 1969 Breitling, pamoja na Heuer, Büren na Dubois Dépraz, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa kronografu inayojitia ufunguo yenyewe. Halafu saa za betri zikaja kuwamaliza. Willy alimuuzia jina Ernest Schneider mwaka 1979, na katika vurugu hizo kampuni ya Kijerumani ya Sinn ilipata haki za umbo la Navitimer, ndiyo maana mpaka leo wanatengeneza saa iitwayo 903 inayofanana nayo, nao si waigaji haramu. Schneider, aliyekuwa rubani mwenyewe, aliinua kampuni tena kwa saa ya Chronomat iliyotokana na kazi yao na Frecce Tricolori, kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga la Italia.

Tuingie ndani ya saa, maana hapo ndipo pesa zako zinapokwenda.

Kwa miaka mingi Breitling hawakuwa na mashine yao. Walinunua, hasa Valjoux 7750 ya ETA, watengenezaji wa mashine za saa wa Uswisi, wakaipamba na kuirekebisha. Mimi siidharau 7750. Ni punda wa kazi, vipuri vyake vinapatikana, na fundi yeyote mzuri anaijua kwa macho yaliyofumbwa. Ila ina tabia zake. Rota yake, kile kibati kinachozunguka mkono ukitembea, inajaza springi upande mmoja tu, ikigeukia upande wa pili inakimbia huru na unaihisi saa ikitetemeka mkononi. Ukibonyeza kuanzisha, akrabu ya sekunde mara nyingi huruka kidogo kabla ya kutulia, kwa sababu meno mawili yanakutana ubavuni. Na ukibadilisha tarehe usiku, kati ya kama saa mbili na saa nane, waweza kuvunja jino.

Mwaka 2009 walitoa mashine yao wenyewe, B01. Nikiifungua ninaona gurudumu dogo lenye nguzo zilizosimama kama minara, na hilo ndilo linaloamrisha anza, simama, rudi. Kishikio chake kinashuka kutoka juu badala ya kuja ubavuni, hivyo akrabu inaondoka taratibu bila kuruka, na waweza kuiacha kronografu ikitembea siku nzima bila saa kupoteza majira kwa namna ya kuudhi. Akiba ya springi ni saa 70. Akiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi anaikuta inatembea. Tarehe anaibadilisha wakati wowote. Na kila saa ya Breitling, ya mashine hii au nyingine, tangu 1999 inapitishwa kwenye upimaji wa COSC, taasisi ya Uswisi inayothibitisha usahihi wa saa, ambao kwa saa ya springi huruhusu kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Makampuni mengi ya bei hiyo hupeleka baadhi tu ya saa zao.

Kwa hiyo nikisema Navitimer ni saa nzuri, nazungumzia yenye B01. Na hapa uwe macho, dada yangu, kwa kuwa unamnunulia mwanamke. Wauzaji hupenda kuwasogezea wanawake Navitimer ya milimita 35 au 36. Ni saa ya kupendeza, jina ni lilelile, rula ipo, lakini haina kronografu kabisa na mashine yake si ya Breitling wenyewe. Si mbaya. Ila si ile yenye historia niliyokusimulia, na mtu asikutoze kana kwamba ndiyo. Kronografu yenye B01 siku hizi ipo ya milimita 41, 43 na 46. Hiyo ya 41 ina unene wa karibu milimita 14, haijifichi chini ya mkono wa shati, lakini mwanamke mwenye kiganja cha kawaida anaibeba. Ya 46 mwachie mwenye mkono wa nahodha wa jahazi.

Sasa kasoro, na sitazipunguza.

Ya kwanza ni maji. Navitimer ya kawaida imeandikwa mita 30. Usidhani maana yake ni kwamba ataogelea nayo hata mita moja. Ni mvua na kunawa mikono, basi. Kifundo chake hakifungwi kwa kusokota. Kwa mtu anayeshika ndoo akaosha kioo cha ndege asubuhi, anayetoka jasho kwenye uwanja wa murram saa saba mchana, na akipata likizo anashuka Zanzibar kuogelea, hiyo ni hatari ya kila siku. Mashine ya thamani ile kuingia maji ya chumvi ni msiba, kama yalivyomkuta Carpenter.

Ya pili ni uso wake. Una akrabu tatu za majira na kronografu, vijisaa vitatu, tarehe, na namba za rula pande zote. Wapenzi wake wanasema ndio uzuri. Mimi nasema saa inayohitaji kutazamwa mara ya pili kabla ya kukuambia majira imeshindwa mtihani wa kwanza wa saa ya rubani. Zitazame saa za kijeshi za marubani: uso mweusi, namba kubwa nyeupe, basi.

Ya tatu ni pesa, na kaka yake hapa ana hoja nusu. Breitling ikitoka mlangoni mwa duka inapoteza thamani. Si ajabu kuikuta sokoni baadaye kwa theluthi pungufu ya bei yake ya mwanzo, au zaidi. Baadhi ya Rolex zinashika bei, na za chuma zinazotafutwa huuzwa hata juu ya bei ya duka. Lakini mwambie huyo kijana ajaribu kwenda dukani na "kuongeza kidogo" kwa ajili ya Daytona, ambayo ndiyo kronografu yao. Atakuta bei ya juu zaidi kwa kiasi si kidogo, na orodha ya kungojea. Tena, zawadi ya mama haiuzwi. Ikiwa hesabu ya kuuza tena ndiyo inayokusumbua, weka pesa benki, usinunue saa yoyote.

Pesa nyingine inayosahaulika ni ya matengenezo. Kronografu ina vipande vingi kuliko saa ya kawaida, na kila baada ya miaka michache inahitaji kufunguliwa, kuoshwa, kutiwa mafuta na kubadilishwa mipira ya kuzuia maji. Kwa B01 kazi hiyo hufanywa na kituo cha kampuni, na ankara yake inauma. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji saa itatumwa kituo gani akiwa Arusha, nani analipa usafiri, na inachukua muda gani. Akijibu kwa tabasamu badala ya anwani, umeshapata jibu. Kwa mashine zao wenyewe dhamana ni miaka mitano, kwa nyingine miwili. Hakikisha kadi imeandikwa tarehe na namba ya saa.

Ya nne ni tabia ya kampuni yenyewe. Miaka ya elfu mbili walitengeneza saa kubwa kama sahani za chai. Mwaka 2017 kampuni ya uwekezaji ya CVC ikanunua sehemu kubwa, akaja mkurugenzi Georges Kern, nembo ya mabawa ikaondolewa, herufi B ikawekwa, halafu mwaka 2022 mabawa ya AOPA yakarudi kwenye Navitimer kwa maadhimisho ya miaka 70. Matoleo ni mengi mno, rangi juu ya rangi. Kwa maoni yangu Kern ameirudishia heshima kwa kupunguza ukubwa, lakini bei nayo imepanda.

Hiyo iliyotumika naiona na heri, kwa masharti. Omba namba ya toleo kabla ya kuonyeshwa picha za kupendeza. Kwa Breitling, herufi A mwanzoni ni chuma, na kinachofuata hukuambia mashine. AB01 ni chuma chenye B01. A13 na A23 ni zile za ukoo wa 7750. Kama vijisaa viko usawa wa 6, 9 na 12, hiyo si B01, usibishane. Vikiwa 3, 6 na 9 bado yaweza kuwa A23, kwa hiyo namba ndiyo mwamuzi. Zote ni saa halali, ila bei zisilingane.

Ukiishika, bonyeza kitufe cha juu na uitazame akrabu ndefu: kwenye B01 iondoke bila kuruka. Iache itembee zaidi ya dakika moja uone kijisaa cha dakika kikisogea. Simamisha, bonyeza cha chini. Akrabu zote zirudi juu ya sifuri barabara, si nywele moja kando. Ikirudi kando, kuna mtu ameshaifungua vibaya. Zungusha ukingo wa rula, uende kwa uzito ulio sawa duara zima, usikwame wala usilegee. Saa bandia za jina hili ni nyingi, na za rahisi hujifichua hapohapo: zina betri, na vijisaa ambavyo vinaonyesha siku au saa 24 badala ya kuhesabu chochote. Zile za ghali hazijifichui kwa urahisi hivyo. Mwenye kuuza akubali mkutane kwa fundi, kifuniko cha nyuma kifunguliwe mbele yako. Akikataa, muage.

Kama mtu atakuambia uchukue Breitling Emergency ya zamani kwa kuwa ina redio ya kuomba msaada na binti anaruka porini, usikubali. Ya kwanza, ya 1995, inatuma kwenye masafa ya 121.5 MHz, na setilaiti za uokoaji ziliacha kuyasikiliza Februari 2009. Kifaa maalumu cha kuomba msaada cha masafa ya 406 kinagharimu sehemu ndogo ya bei hiyo na kinafanya kazi vizuri zaidi.

Basi ningekuwa mimi ningefanya nini? Kwa saa ya kuvaliwa kazini ningetazama Chronomat yenye B01 ya milimita 42: mashine ileile, mita 200 za maji, uso unaosomeka. Kama anapenda wepesi, Aerospace ya titani, ya betri, mkononi haihisiki kama ipo, na kwa usahihi inaishinda yoyote ya springi. Au Tudor Black Bay Chrono. Tangu 2017 Tudor wanatumia B01 iliyorekebishwa kwa viwango vyao, nao Breitling wamewahi kuchukua mashine ya Tudor kwa baadhi ya saa zao. Inazuia maji mita 200, dhamana ni miaka mitano, na bei yake iko chini sana ya Navitimer mpya. Haina rula, haina Carpenter, lakini itamaliza safari na yeye.

Ila kama ulipomtajia jina Navitimer sauti yake ilibadilika, mnunulie Navitimer, ya 41, AB0139, na umpe kwa sharti la kuivua anapokaribia maji. Usiichonge jina lake nyuma mpaka aijaribu mkononi. Na ichukue ikiwa na mkanda wa chuma, hata kama ya ngozi inapendeza zaidi dukani na ni nafuu. Ngozi kwa jasho la Arusha haimalizi mwaka, na mkanda wa chuma ukinunuliwa peke yake baadaye unagharimu mara kadhaa ya ile tofauti utakayoombwa leo.